Kamba, Ng'ombe na Herufi: Namna ya Kutafuta Thamani ya Mtajo

Mita ya fundi cherehani ina sentimita 150, na ng'ombe wengi wakubwa huko Olbalbal, Ngorongoro, kifua chao kimefika hapo au kimepita. Kwa hiyo anayetaka kujua uzito wa ng'ombe bomani, mahali ambapo mizani haijawahi kufika, huanza na kamba.

Kata kamba ya manila isiyovutika, mita mbili na nusu hivi. Fanya kazi hii alfajiri, mifugo haijatoka kwenda malishoni wala kunywa maji. Mzungushie ng'ombe kamba nyuma tu ya miguu ya mbele, juu ipite nyuma ya nundu, ikaze kiasi cha kulaza manyoya bila kuzama kwenye ngozi. Pale kamba inapokutana, shika kwa vidole, ivute, ilaze kwenye rula. Huo ndio mzingo wa kifua. Kisha pima urefu wa mwili kutoka ncha ya bega mpaka kwenye mfupa wa tako unaojitokeza karibu na mkia. Ng'ombe asimame kwenye tambarare, na kichwa kiwe kimenyooka. Akiinama kulamba chini, mzingo hubadilika.

Sasa una namba mbili. Tuite mzingo z na urefu r, zote kwa sentimita. Uzito wa ng'ombe kwa kilo unakadiriwa hivi:

z²r ÷ 10,840

Hicho ndicho wanachokiita walimu wa hisabati mtajo wa aljebra. Herufi mbili, kipeo kimoja, alama ya kugawanya na namba moja isiyobadilika. Mtoto wa darasa la saba hukutana na ndugu za mtajo huu kwenye karatasi ya mtihani: "Ikiwa a = 3 na b = 5, tafuta thamani ya…" Wengi hukosea swali hilo, na wengi wa wanaokosea wanajua kuzidisha na kugawanya vizuri kabisa. Nimetazama madaftari ya kutosha kuamini kwamba kosa hutokea mapema zaidi, katika ule mstari mmoja ambao mwanafunzi hakuuandika. Alitia namba na kukokotoa kwa pumzi moja, kichwani, akaandika jibu. Mwongozo huu wote unahusu mstari huo.

Nilisimama siku moja kando ya zizi, binti wa darasa la saba akiandika na baba yake mdogo akishika kamba. Ng'ombe alikuwa jike, rangi ya udongo mwekundu. Mzingo ulikuja 150, urefu 130. Binti aliandika haraka:

300 × 130 ÷ 10,840

Akapata 3.6. Baba mdogo, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne, alitikisa kichwa. "Mwanangu, kilo tatu na nusu ni jogoo. Huyu nimemshika hapa, ananiburuta."

Hakujua aljebra, lakini alifanya jambo ambalo kila anayekokotoa anapaswa kulifanya mwishoni: kulitazama jibu, kisha kumtazama ng'ombe. Binti alikuwa amesoma ile 2 ndogo ya juu kama "mara mbili", akapata 150 × 2. Kipeo cha pili maana yake ni namba kujizidisha yenyewe, 150 × 150, yaani 22,500.

Tuliandika upya. Safari hii nilimwomba afanye jambo moja kabla ya hesabu yoyote: anakili mtajo kama ulivyo, na kila penye herufi aweke mabano matupu.

(  )²(  ) ÷ 10,840

Baada ya hapo ndipo atie namba ndani:

(150)²(130) ÷ 10,840

Mstari huo ndio moyo wa kazi. Ukiuandika vizuri, kinachobaki ni hesabu ya kawaida. Kipeo kwanza: 22,500 × 130 ÷ 10,840. Halafu kuzidisha: 2,925,000 ÷ 10,840. Halafu kugawanya: 269.8, tuseme kilo 270. Baba mdogo alimtazama tena ng'ombe wake, akakubali.

Angalia pia kwamba kipeo kimekaa juu ya z peke yake. Anayekipandisha juu ya vyote viwili, (150 × 130)² ÷ 10,840, atapata zaidi ya kilo 35,000, na tembo dume mzima wa Ngorongoro hufika tani 6 hivi. Mabano yakiwa yamewekwa moja kwa kila herufi, kosa hilo halina mlango wa kuingilia, kwa sababu unaona kwa macho kipeo kimening'inia kwenye mabano yapi.

Kabla sijaendelea, neno kuhusu ile 10,840. Inafanya kazi kwa sentimita na kilo tu. Kanuni yenyewe ilianza kwa inchi na ratili, na huko kigawanyo ni 300. Ukipima kwa mita ukaandika 1.5 na 1.3, jibu litakuwa kama robo ya gramu, hata kama mabano yako ni safi. Herufi haibebi kipimo. Wewe ndiye unayepaswa kukumbuka kama z ni sentimita au mita, na pa kuandika hilo ni pale juu, unapoeleza herufi zako. Na jibu ni makadirio. Ng'ombe mwenye mimba au aliyetoka kunywa maji atakudanganya.

Kwa nini mfugaji ahangaike hivi? Kwa sababu ya dawa. Chupa ya oksitetrasaiklini ya asilimia 20, inayotumika kwa ndigana baridi na magonjwa mengine ya bakteria, huwa na maelekezo ya mililita 1 kwa kila kilo 10 za uzito. Ikiwa uzito ni w, kipimo ni w ÷ 10. Tia 270: mililita 27. Chupa ya ivamektini ya asilimia 1 husema mililita 1 kwa kilo 50, yaani w ÷ 50, na ng'ombe huyo huyo anapata mililita 5.4. Aliyekadiria kwa macho akasema "huyu ni kilo 200 tu" atampa mililita 20 za oksitetrasaiklini badala ya 27, na dawa pungufu huacha vimelea vilivyojifunza kuistahimili. Lebo ya chupa uliyonunua Karatu na maneno ya daktari wa mifugo vina kauli ya mwisho kuhusu dawa gani, kiasi gani na idadi ya sindano. Hesabu inakusaidia kuyatii kwa usahihi.

Hapa kuna jambo zuri ambalo darasani hupitwa haraka. Kamba ikilegea sentimita 5 kwenye mzingo, ukapata 155 badala ya 150, uzito unaruka kutoka 270 hadi 288. Ukikosea sentimita 5 hizo hizo kwenye urefu, unapata 280. Kosa la mzingo linauma karibu mara mbili kwa sababu z inajizidisha yenyewe. Kwa hiyo pima mzingo mara tatu na urefu mara moja. Kipeo kidogo kwenye karatasi kimekuambia pa kuweka uangalifu wako zizini, na hili ndilo linalonifanya niipende aljebra.

Tuhamie kwenye mtajo wenye mabano yake mwenyewe. Watafiti wa ufugaji barani Afrika, wakitaka kulinganisha kaya yenye ng'ombe wengi na kaya yenye mbuzi wengi, hawawezi kujumlisha vichwa tu. Hutumia kipimo cha mfugo sanifu wa kilo 250: ng'ombe mmoja huhesabiwa 0.7, mbuzi au kondoo mmoja 0.1. Kisha hugawanya kwa idadi ya watu wa boma, kuona kila mtu anaegemea mifugo kiasi gani. Ikiwa n ni idadi ya ng'ombe, m idadi ya mbuzi, k idadi ya kondoo na w, ambayo sasa si uzito tena, idadi ya watu:

[0.7n + 0.1(m + k)] ÷ w

Nimesema "idadi ya mbuzi", na nakuomba ushike neno hilo idadi. Mtoto akifundishwa kwamba m ni mbuzi, ataona 5m akasoma "mbuzi watano", na siku utakapomwambia m = 45 atachanganyikiwa: mbuzi mmoja amekuwaje arobaini na watano? 5m ni mara tano ya idadi fulani. Herufi ni kiti cha namba. Na ile m ingeweza kuwa p au x bila mbuzi yeyote kupungua.

Chukua boma lenye ng'ombe 24, mbuzi 45, kondoo 35 na watu 11. Mabano matupu kwanza, halafu namba:

[0.7(24) + 0.1((45) + (35))] ÷ (11)

Mabano ya ndani kabisa: 45 + 35 = 80. Kisha 0.7 × 24 = 16.8 na 0.1 × 80 = 8. Jumla 24.8. Gawanya kwa 11: karibu 2.25.

Ona 0.7(24). Herufi ikibandikwa kwenye namba bila alama, katikati kuna kuzidisha kulikofichwa. Asiyeweka mabano huandika 0.724, au kwa 3n pale n = 4 anaandika 34. Nimeliona kosa hili hata kwa watu wazima wanaoweka hesabu za vikoba kwa uaminifu mkubwa. Mabano yanazuia namba mbili zisigusane.

Aliyesahau yale mabano ya (m + k) atazidisha 0.1 × 45 tu, apate 4.5, ajumlishe kondoo 35 wazimawazima kana kwamba kila kondoo ni mfugo kamili wa kilo 250. Boma la watu 11 litaonekana tajiri kuliko lilivyo. Namba kama hizo huingia kwenye ripoti, na ripoti huingia kwenye mikutano inayoamua mambo ya watu wa Ngorongoro. Mabano mawili yana uzito huo.

Sasa simu. Simu ndogo, kile kiswaswadu, mara nyingi kina kikokotoo kinachofanya hesabu kwa mfuatano wa vidole vyako. Ukibonyeza 0.7 × 24 + 0.1 × 80, kinafika 16.8, kinajumlisha 0.1, kinapata 16.9, kisha kinazidisha yote kwa 80 na kukupa 1,352. Simu kubwa hujua kuzidisha kunatangulia, lakini nayo ukiiandikia 0.7 × 24 + 0.1 × (45 + 35) ÷ 11 bila mabano makubwa ya nje, itagawanya ile sehemu ya mwisho peke yake na kukupa 17.5. Kwenye daftari mstari mrefu wa kugawanya hufanya kazi ya mabano, kwa kuwa kila kilicho juu yake ni kitu kimoja. Kwenye simu mstari huo haupo, na ni lazima uyaandike mwenyewe. Kwa kiswaswadu, kokotoa kila kipande pembeni na uandike jibu lake kwenye karatasi.

Wengi waliosoma shule za msingi Tanzania wanalo neno MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni neno zuri na limeokoa watoto wengi, ila lina mapengo mawili ambayo lazima yasemwe. La kwanza, halitaji vipeo. Vipeo hufanywa mara tu baada ya mabano, kabla ya kugawanya na kuzidisha, kama tulivyofanya kwa z². La pili ni baya zaidi. Neno linafanya ionekane kwamba kujumlisha kunatangulia kutoa. Chukua mbuzi: ulikuwa na idadi a, ukauza b, wakazaliwa c. Mtajo ni a − b + c. Kwa 20, 8 na 5:

(20) − (8) + (5)

Anayefuata neno kwa herufi atajumlisha kwanza 8 + 5 = 13, atoe kwenye 20, apate 7. Muulize mtoto yeyote anayechunga: ulikuwa na ishirini, wameondoka wanane, wamekuja watano. Atakuambia kumi na saba bila kufikiri. Kujumlisha na kutoa ni ndugu wa daraja moja, na hufanywa kwa kufuata mwandiko kutoka kushoto kwenda kulia. Kugawanya na kuzidisha vivyo hivyo. Walimu, tafadhali semeni hili siku ile ile mnayofundisha neno lenyewe, lisingoje wiki nyingine.

Namba hasi ndizo zinazoangusha wengi zaidi, na kwa hizo nitakupeleka kwenye mchanga unaohama. Karibu na bonde la Oldupai kuna tuta jeusi lenye umbo la mwezi mwandamo, majivu yaliyotokana na volkano ya Ol Doinyo Lengai, kimo chake mita 9 hivi. Upepo unatoka mashariki, unasukuma punje mgongoni, zinaangukia upande wa pili, na tuta zima linasonga magharibi kwa wastani wa takriban mita 17 kwa mwaka. Vigingi vimesimikwa ardhini kuonyesha lilipokuwa miaka iliyopita, nawe unaweza kutembea kutoka kigingi hadi kigingi ukihesabu hatua.

Tuite mahali lilipokuwa mwaka 2020 sifuri, na mita za kwenda magharibi tuzihesabu chanya. Mwaka wowote y, tuta liko:

17(y − 2020)

Mwaka 2050: 17((2050) − 2020) = 17 × 30 = 510. Nusu kilomita magharibi, ikiwa upepo utashika mwendo wake. Sasa rudi nyuma. Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliliona fuvu la zamadamu huko Oldupai, lile lililoitwa Zinjanthropus, lenye umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Tuta lilikuwa wapi?

17((1959) − 2020) = 17(−61) = −1,037

Jibu hasi halina kasoro yoyote. Linasema mashariki: kilomita moja hivi nyuma ya pale lilipokuwa 2020. Aliyeyaacha mabano akaandika 17 × 1959 − 2020 atapata 31,283 chanya, yaani kilomita 31 kwenda magharibi, kana kwamba tuta lilikuwa mbele sana mwaka 1959 halafu likarudi kinyume cha upepo.

Hatari kubwa zaidi ni pale unapotia namba hasi mahali pa herufi. Chukua mtajo wa karatasi ya mtihani, x² − 3x, na x = −2. Bila mabano mwanafunzi huandika −2² − 3 − 2, na hapo kila kitu kimevunjika: kuzidisha kumepotea na kipeo hakijui kinashika nini. Kwa mabano:

(−2)² − 3(−2)

Hasi mara hasi ni chanya, kwa hiyo (−2)² ni 4. Sehemu ya pili: 3 mara −2 ni −6, na kutoa −6 ni kuongeza 6. Jumla 10. Na ukibonyeza −2² kwenye simu kubwa, nyingi zitakupa −4, kwa sababu zinafanya kipeo kwanza na kuweka alama ya kutoa baadaye. Simu haijakosea. Imesoma ulichoandika.

Bado kuna kosa moja la haraka: herufi ikitokea mara mbili katika mtajo, namba iwekwe mara mbili, ile ile. Kwenye x² − 3x wapo wanaotia −2 pale mwanzo na kuiacha x ya pili ikielea. Mabano matupu yakiwa yameandikwa, tundu lisilojazwa linaonekana.

Mfano wa homa, kwa sababu vipimajoto vinavyofika vijijini havifanani na baadhi vina nyuzi za Farenhaiti. Kugeuza f kuwa nyuzi za Selsiasi:

5(f − 32) ÷ 9

Ndama amepimwa, kimesoma 104. Tia: 5((104) − 32) ÷ 9. Mabano: 72. Zidisha: 360. Gawanya: 40. Joto la kawaida la ng'ombe huzunguka 38.5, kwa hiyo 40 ni homa, na kwenye nchi ya kupe homa ya ndama hukufanya ufikirie ndigana kali na kumwita mtaalamu siku hiyo hiyo. Aliyeruka mabano, akazidisha 5 kwa 104, akatoa 32 na kugawanya kwa 9, angepata nyuzi 54, joto ambalo hakuna ndama anayeweza kuwa nalo na akapumua.

Mtoto wako akienda kidato cha kwanza, lugha ya somo itabadilika na maneno haya yote yatapata majina mengine. Mstari wa mabano hautabadilika. Mzoeze sasa, kwa Kiswahili, na kwa vitu anavyovishika.

Jaribuni pamoja leo jioni. Ng'ombe mwenye mzingo 140 na urefu 120: uzito, kisha mililita za oksitetrasaiklini. Boma lenye ng'ombe 10, mbuzi 60, kondoo 20 na watu 6. Tuta la mchanga mwaka 1979, ule ambao Ngorongoro iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Na x² − 3x pale x = −5. Mkiandika mstari wa mabano kila mara, mtapata kilo 217 na mililita 21.7, 2.5, −697, na 40.